Chemchemi Tatu za Karani

Ulikuwa mwaka wa magimbi. Viazi vya Mudende vilikuwa vimeoza ardhini, ukichimba unatoa kitu cheusi kinachonuka, na mahindi yalikuwa bado machanga. Basi tukala magimbi asubuhi, magimbi jioni, magimbi na maharage, magimbi na majani ya maboga, na siku mvuvi akiwa na huruma, magimbi na samaki mmoja wa kugawana watu sita. Dagaa hizi za sambaza mnazokula leo hazikuwa hata ziwani, zililetwa baadaye. Sasa, magimbi yanataka maji mengi. Yasipopikwa vizuri yanawasha koo mpaka mtu mzima analia. Unachemsha, unamwaga, unaweka maji mengine, unachemsha tena. Nasema hivi ili mjue kwamba mwaka ule maji hayakuwa mambo ya kunawa uso. Bila mitungi miwili nyumba ililala na njaa.

Ndio mwaka huo karani wa maji alipotuandikia chemchemi tatu ambazo Mungu hakuziumba.

Sikukusudia kuandika. Kusoma nilijifunza kwa katekista miezi michache, kisha nikaitwa nyumbani kulima, na kalamu mkononi mwangu bado ni nzito kuliko jembe. Lakini juzi kwenye harusi nimesikia mtu mzima, mwenye tai shingoni, akiwasimulia wajukuu zangu: "Huyu bibi yenu alikaribia kutunyima bomba. Ushirikina tu! Aliulizwa jina la chemchemi akakataa kulisema." Wakacheka wote. Ushirikina! Niliweka sahani chini. Basi acheni niseme mwenyewe, kabla sijafa na mwenye tai akabaki na maneno yake.

Kwetu mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe wake. Tunaita gutsinda. Na si jina peke yake, hata neno linalofanana nalo hulisemi. Kama jina lake limetoka kwenye neno la mvua, wewe husemi mvua inanyesha, unasema yale ya juu yanashuka. Kama limetoka kwenye neno la ng'ombe, unatafuta neno lingine la ng'ombe, na ukikosa unaliunda. Hakuna aliyenishikia fimbo. Mama yangu alinifundisha siku chache kabla sijaolewa, tukiwa tunapepeta mtama, na alinifundisha kama ufundi, jinsi mtu anavyofundishwa kusuka mkeka. Mkamwana hodari hakwami. Anaongea siku nzima, anacheka, anabishana sokoni, na jina la mzee halimponyoki. Mjinga ndiye anayenyamaza kwa kukosa maneno. Mimi sikunyamaza hata siku moja, muulizeni marehemu mume wangu.

Nilitoka Mudende, juu huko kwenye mawe ya volkano, mahali ambapo mvua ikinyesha maji yanazama kama yameitwa chini. Nikiwa msichana tulikinga mvua kwa vyungu, na jua likikaza tulitembea mpaka nyayo zinapasuka kufuata dimbwi ambalo ng'ombe walishalikanyaga. Kwa hiyo nilipoletwa kuolewa kwenye kilima kile kilicho juu ya mji wa Gisenyi, nikaonyeshwa chemchemi inayotoka chini ya jiwe jeusi, baridi, safi, haikauki, niliona nimeolewa na watu matajiri. Walikuwa na mbuzi watatu tu. Lakini niliona hivyo.

Baba mkwe wangu alizaliwa hatua chache kutoka kwenye jiwe hilo. Mama yake alikuwa anarudi kuteka, mtungi kichwani, uchungu ukamkuta njiani. Wakampa mtoto jina la chemchemi. Jina hilo linatokana na neno la kububujika. Kwa Kiswahili ninaweza kusogea mpaka hapo, kwa sababu Kiswahili hakikumwita. Nilikiokota sokoni, nikiuza mboga kwa wake wa mafundi cherehani na wa wafanyabiashara Waislamu, na ndiyo maana ninaandika kwa Kiswahili. Zaidi ya hapo sisogei.

Tulikuwa wakamwana watatu pale, na chemchemi moja, na hakuna kati yetu aliyeweza kuitaja. Kila mmoja alikuja na neno lake kutoka kwao. Mke wa kaka mkubwa, mtu wa Cyanzarwe, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, alisema Penye Kuchemka. Mke wa kaka wa pili, wa Nyakiriba, mpole, alisema Penye Kucheka. Mimi nilisema Penye Kunong'ona. Tulielewana vizuri kabisa. Ukisikia "nakwenda Penye Kucheka", unachukua mtungi na kufuata. Watoto waliyajua maneno yote matatu, na lile la kweli pia.

Basi siku moja likaja neno kwamba serikali inapanga kuwaletea watu maji ya bomba. Nyumba za wazungu kando ya ziwa zilikuwa nayo tangu zamani, walimwagilia hadi maua. Sasa, walisema, yataletwa na kwa watu: kwa mafundi, wapagazi, wauza samaki, na vilima vinavyouzunguka mji. Kabla ya kuchimba, lazima ijulikane nani anateka wapi. Kila chemchemi iandikwe kwenye kitabu. Wakamtuma karani.

Karani huyu hakupanda kilima. Naomba mlikumbuke hilo kuliko yote nitakayosema. Aliweka meza yake chini barabarani, kwenye kivuli cha mikaratusi, akavua kofia, akaita wanawake wapange mstari. Viatu vyake vilikuwa vyeupe. Na alikuwa mtoto wa hapahapa, hakushushwa na ndege. Mama yake tulimjua, tulikutana naye sokoni, alikuwa na ufundi wa gutsinda kushinda sisi wote. Lakini mbele ya meza ile alijifanya mtu ambaye hajawahi kuwa na mama.

Zamu yangu ikafika.

"We mama, unateka maji wapi?"

"Kwenye chemchemi yetu."

"Iko na jina?"

"Iko nalo."

"Bon. Jina."

"Ni la baba mkwe wangu."

"Mi siulizi baba mkwe. Mi nauliza maji."

"Ndiyo hilohilo, bwana karani. Jina moja."

"Donc, sema!"

"Jina hilo halitoki kwenye kinywa hiki."

Mstari mzima ukacheka, na si mimi waliyemcheka. Bibi mmoja nyuma yangu akapaza sauti: "Wewe karani, na mke wako nyumbani anamtajaje baba yako? Anampigia mluzi?"

Akawa mwekundu, kama mtu mweusi anaweza kuwa mwekundu. Akagonga meza kwa kalamu. "Haya, haya. Wewe mwenyewe unapaitaje?"

"Penye Kunong'ona."

Akaandika. Niliona akiandika. Nilifikiri: ameelewa, ni mtu wa hapa, atajua kwamba hili ni neno la mkamwana. Mke wa kaka mkubwa alikuwa ameshaandikwa Penye Kuchemka, na wa pili aliandikwa baada yangu Penye Kucheka, na sote tukapandisha mitungi yetu tukaenda zetu, tukimcheka na viatu vyake.

Hatukujua kwamba jina la kweli lilikuwa tayari ndani ya kitabu, juu kabisa, limeandikwa tangu zamani na watu wa chefu, mtawala wetu wa pale.

Mvua zikapita. Tukaitwa barazani kusikia mpango. Chefu alikaa kitini, bwana teritwari, yule mzungu mkubwa wa wilaya, alikaa karibu naye, na mzungu mwingine, mwembamba, mwenye suruali fupi, ambaye tuliambiwa ndiye mzungu wa maji. Karani akasimama na kitabu. Akaeleza kwamba serikali itatoa mabomba na saruji, na watu watatoa mchango wa fedha juu ya kodi, kila mwanamume mwenye mke, pamoja na siku za kuchimba mtaro. Akataja kilima kimoja kimoja. Akafika kwetu.

"Kilima hiki kina bahati," akasema. "Kina chemchemi nne. Ile kubwa itafungwa kwa saruji, maji yake yashuke mjini. Tatu zinabaki kwa wenyeji. Kwa hiyo hapa hapawekwi bomba, na mchango wenu ni nusu."

Wanaume wetu wakapiga makofi. Naapa. Walisikia nusu, wakapiga makofi! Mume wangu alipiga makofi, na nilimwona, na alijua kwamba nimemwona. Mwanamume hateki maji. Kwake maji ni kitu kinachokaa kwenye mtungi kama vile moto unavyokaa jikoni.

Mke wa kaka mkubwa akanishika mkono mpaka ukaniuma. "Nne zipi?"

Karani akasoma: ile kubwa, kwa jina lake la kweli, itafungwa. Zinazobaki: Penye Kucheka. Penye Kunong'ona. Na Penye Kuchemka, "maji ya moto, yanafaa kufulia."

Maji ya moto! Kwa sababu ya neno la mwanamke wa Cyanzarwe! Nilisikia neno langu mwenyewe, nililolitunga kwa heshima ya mzee, likisomwa kama sehemu ya nchi, na nikaelewa kwamba watatufungia maji tunayokunywa na kutuachia maneno matatu tuchote humo. Mtu akamwage neno kwenye chungu cha magimbi aone kama yataiva.

Kesho yake asubuhi tulishuka ofisi ya teritwari, wakamwana wote watatu. Tulikaa kwenye benchi mpaka jua likapinda. Tukarudi kesho yake. Siku ya tatu karani akatuita.

"Kitabu kimeshakwenda kwa bwana," akasema bila kuinua macho.

"Kirudishe," akasema mke wa kaka mkubwa, kwa ile sauti yake. "Umeandika vibaya. Ni chemchemi moja."

"Mi nimeandika muliyosema nyinyi."

Mimi nikasema: "Njoo uone. Ni mwendo mfupi, uji hauchemki kabla hujafika."

Akacheka kidogo, kwa pua. "Mipango haifanywi kwa miguu, mama. Inafanywa kwa karatasi. Mukitaka nifute, mutu mmoja kati yenu aseme jina la kweli mbele ya bwana, aseme yote manne ni hilo. Na aweke dole chini ya maneno kwamba mulidanganya serikali."

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi, na yule mzungu wa maji alikuwa ndani, ameinama juu ya ramani. Sikungoja ruhusa. Nikaingia.

"Bwana," nikamwambia, "una miguu?"

Akanitazama. Kiswahili chake kilikuwa kibovu, lakini hilo alilisikia. "Ndiyo, iko na miguu."

"Basi twende."

Sijui kwa nini alikubali. Labda alichoka na meza. Alichukua kofia, na karani akalazimika kumfuata na viatu vyake vyeupe, na mvua ilikuwa imenyesha. Tulipofika juu nikasema: bwana, twende kwanza Penye Kuchemka. Mke wa kaka mkubwa akaongoza kutoka mlangoni kwake, kwa njia yake, kupitia migomba, mpaka kwenye jiwe jeusi. Mzungu akaingiza mkono majini, akautoa haraka, si kwa moto, kwa baridi. Akaandika. Tukarudi juu. Sasa Penye Kucheka. Wa Nyakiriba akaongoza kwa njia yake, upande wa shamba la mtama, tukafika kwenye jiwe. Mzungu akasimama. Tukarudi juu tena, karani anahema, matope mpaka kwenye magoti. Sasa Penye Kunong'ona, nikasema, na nikaongoza mimi, taratibu, kwa njia ndefu.

Tulipofika mzungu akakaa juu ya jiwe. Akavua kofia.

"Tena hii?"

"Ni hii tu, bwana."

Akachota kwa kiganja, akanywa. Kisha akamgeukia karani na kumwuliza kama alijua. Hapo ndipo mtu yule angeweza kuokoka. Angeweza kusema: bwana, ni desturi yetu, hata mke wangu anafanya hivyo, nilisahau kukueleza. Sentensi moja! Lakini aliona aibu kuwa mtoto wa mama yake.

"Hawa wanawake ni waongo, bwana," akasema. "Wako hivyo."

Mimi nimeitwa majina mengi. Nimeitwa mkali, nimeitwa mdomo mrefu. Mwongo sijawahi. Mke wa kaka wa pili, yule mpole, aliokota tope akalishika mkononi, na sisi wawili tukamshika mkono asilitupe.

Mzungu alisema kitabu kitatengenezwa kesho, na kilima chetu kitapata bomba la kwake kutoka kwenye maji hayo kabla hayajashuka mjini. Lakini kitabu kumbe hakikuwa kimekwenda popote, kilikuwa chini ya mkono wa karani, na karani alikuwa ameshaandika maneno yake. Kesho yake tulipofika, yalikuwa yametungoja: sisi wanawake wa kilima fulani tumedanganya serikali, jina la kweli la chemchemi ni hili lifuatalo, na nafasi tupu. Bwana teritwari mwenyewe alikuwepo, na saa yake mkononi. Jina lisemwe, dole liwekwe, leo. La sivyo kitabu kinakwenda kama kilivyo, na mambo ya bomba tutayazungumza mwaka mwingine, chemchemi ikiwa imeshafungwa.

Baba mkwe alikuwa amekuja. Alishuka kilima polepole na fimbo yake, akakaa karibu na mlango, na hakuna aliyemwuliza ni nani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliposikia jinsi mambo yalivyo, akaniita.

"Mkamwana wangu," akasema, "sema. Mimi mwenyewe nakufungulia. Ni maji ya watoto."

Sasa huyo mwenye tai anisikilize vizuri hapa. Nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa pili. Mtungi ulikuwa unanikata shingo. Nilitoka Mudende, nilijua kiu kuliko wote waliokuwa mle ndani, na hakuna mtu aliyelitaka bomba lile kama mimi. Na mwenye jina alikuwa amenifungulia. Ilikuwa kufungua mdomo tu.

Lakini niliitazama ile karatasi. Ningesema, jina lingekaa pale chini ya uongo wangu, uongo ambao sikuusema. Karani angepiga muhuri. Watu wangesoma miaka yote kwamba hapa kulikuwa na wanawake waongo, na hapakuwa na karani mvivu. Nilikuwa nimelitunza lile jina tangu siku ya kuolewa, halafu nilitoe kwa ajili ya kusafisha viatu vya yule?

Nikamwinamia mzee. "Baba, nimesikia, na ninakushukuru." Nikamgeukia karani. "Jina hilo halitoki kwenye kinywa hiki."

Bwana teritwari akatazama saa. Karani akafumba kitabu, na niliona anafurahi.

Ndipo mzee akasimama. "Kwa nini hamniulizi mimi?" akasema. "Ni langu. Nimelibeba tangu nizaliwe." Akalisema jina lake, kwa sauti, mara mbili, kama mtu anayeitika. Kisha akatia fimbo yake juu ya yale maneno ya karani. "Na haya hapa yafutwe. Hapa hakuna aliyedanganya. Hapa kuna mtu aliyekaa mezani asipande."

Yule mzungu wa maji akachukua kalamu mwenyewe, akapiga mstari. Mzee akaweka dole chini ya jina lake, na chini ya jina lake peke yake.

Hivyo ndivyo tulivyopata bomba. Si kwa karani. Si kwa wenye makofi. Wala hatukupewa bure: mara tu tulipokuwa kilima cha bomba, mchango ukapanda ukawa kamili, na wanaume walionung'unika ni walewale waliopiga makofi. Wakachimba mtaro mpaka mikono ikatoka malengelenge, na mimi sikuwahurumia. Karani hakuulizwa kitu. Baadaye kidogo akapewa ofisi yenye dirisha kubwa zaidi.

Na mwisho wa yote akatuachia zawadi. Siku bomba lilipofunguliwa, jina la chemchemi lilikuwa limepakwa rangi nyeupe kwenye saruji, na mlinzi, mtu mmoja aliyewahi kuwa askari, alikuwa ameagizwa kwamba kila anayekuja kuteka ataje kwanza bomba lake kwa jina, ili watu wa vilima vingine wasije wakateka pasipo kwao. Nani aliitunga amri hiyo? Nani mwingine!

Nilifika na mtungi. Mlinzi akainua mkono.

"Mama, bomba lako ni lipi?"

"Hili."

"Ni lazima ulitaje. Limeandikwa hapo."

Niliweza kulisoma. Katekista hakula muda wangu bure, herufi zote nilizijua, na maji yalikuwa yanatiririka pembeni yake, baridi, yaleyale ya chini ya jiwe. Alinipa maji siku ile, na siku zote zilizofuata, mpaka akazeeka, mpaka akawa anacheka kabla sijafika. Lakini kila siku aliuliza kwanza, maana aliagizwa, na kila siku nilimjibu kwanza, mtungi ukiwa bado mtupu kichwani:

"Jina hilo halitoki kwenye kinywa hiki."